Tabia za Mwigulu

Jumatatu, 18 Novemba

Leo wamemruhusu kutoka hospitali. Muuguzi Violeth alitusindikiza mpaka getini, akanivuta pembeni. "Mama Blessing, mtu aliyefukiwa ardhini harudi vilevile. Uwe unaandika. Amelala? Amekula? Kitu gani kimemsaidia, kitu gani kimemrudisha nyuma. Siku ya kliniki uniletee nisome." Nikamwambia mimi nimeishia kidato cha pili. Akasema hajaomba insha.

Basi naandika. Mimi ni Limi, fundi cherehani, nashonea kwenye kibaraza cha duka la Zakia hapa Segese. Mume wangu ni Maduhu, mchimbaji. Mwezi uliopita mvua ya kwanza iliangusha duara, shimo la dhahabu alimokuwa chini na mwenzake, Mwigulu. Watu walichimba kuwatafuta mpaka mwenye duara akasema basi, mle hakuna mtu tena, ni kaburi. Tukaweka matanga, tukaanua. Halafu wachimbaji waliokuwa wakipasua njia ya pembeni wakasikia mtu anagonga mwamba. Wakamtoa Maduhu hai, amekumbatia maiti ya Mwigulu. Vidole vyake ilibidi wavibandue kimoja kimoja.

Nyumbani hana nguo hata moja, tulishazigawa. Koti alichukua Edson, rafiki yake wa kilabuni. Viatu vilikwenda kwa mjomba. Amerudi na kaptula niliyomshonea haraka na shuka begani.

Tulipofika mlangoni nikapita mbele nifungue. Nikasikia nyuma yangu, "Hodi."

Tangu anioe Maduhu hajawahi kupiga hodi nyumbani kwake. Mlango alikuwa anaufungua kwa teke.

"Karibu," nikamjibu. 

Jumanne, 19 Novemba

Amekula uji. Amelala. Mvua.

Alhamisi, 21 Novemba

Mama mkwe amekuja kutoka kijijini kumwona mwanawe. Maduhu aliinuka kitini, akampisha, akasema, "Shikamoo, mayu. Miguu yako inaendeleaje?"

Mama mkwe hakuitikia marahaba. Alikaa anamtazama kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Kisha akanifuata jikoni.

"Mkamwana, huyu ni nani?"

"Si mwanao, mama?"

"Mwanangu alizaliwa analia kwa hasira, na hasira hiyo hakuiacha hata siku moja. Mimi miguu inaniuma mwaka wa sita. Maduhu hajawahi kuniuliza."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 23 Novemba

Mama yake Mwigulu, Mama Rebeka, amekuja kumpa pole. Anaishi nje kidogo ya Nyahanga, ana majaruba ya mpunga huko. Mjane, na Mwigulu alikuwa mwanawe wa pekee. Aliona Maduhu hana nguo, akafungua furushi akampa shati la Mwigulu, la buluu, limefuliwa na kupigwa pasi. Maduhu akalivaa palepale. Limemkaa kama nimempima mimi mwenyewe.

Jumatatu, 2 Desemba

Kabla sijasahau, muuguzi, haya ndiyo mageuzi. Hajaonja pombe. Hajanigusa kwa ubaya. Asubuhi anatangulia kuamka, anafagia uwanja, mwanamume mzima na ufagio wa njiti, majirani wanachungulia. Akinywa maji anamwaga kidogo chini kwanza. Kila akianza kazi anasema, "Taratibu, ndugu yangu," hata kama yuko peke yake. Jioni, kabla hajalala, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole mara tatu, anasikiliza, ndipo anajifunika.

Nilimwuliza kwa nini anagonga. Akasema, "Ndivyo tulivyokuwa tunaulizana kama upo."

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani watu walitupisha benchi zima.

Jumamosi, 14 Desemba

Edson alikuja, amevaa koti la Maduhu. Alikuwa na chupa kwapani. Maduhu akamkaribisha kwa mikono miwili, akamwomba akae, akamwuliza habari za watoto wake kwa majina. Edson ana watoto wanne na Maduhu hakuwahi kujua hata jina la mmoja. Edson alikaa kama amekalia siafu. Alipoondoka alinikuta njiani.

"Shemeji, kule shimoni nilikuwepo wakati wanawatoa," akasema. "Walikuwa wawili, wamepakaa udongo uso mzima, huwezi kujua yupi ni yupi. Mna uhakika mliyemzika ni Mwigulu?"

Chupa aliisahau kwetu. Maduhu alimpelekea mwenyewe, hajaifungua.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Wali na kuku. Blessing, binti yetu, amekaa magotini kwa baba yake. Hajawahi kufanya hivyo tangu ajue kutembea. Wakati namnawisha mikono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, huyu baba atakaa mpaka lini?"

Nikamwambia ni babako yuleyule.

"Sawa," akasema. "Lakini atakaa mpaka lini?"

Alhamisi, 26 Desemba

Mama Rebeka alifika na michembe ya viazi na karanga. Maduhu alikuwa anafunga mzigo wa kuni. Yule mama akasimama uwanjani, kikapu kikamponyoka.

Maduhu alikuwa anafunga fundo kwa mkono wa kushoto. Kamba anaishika kwa meno, anaizungusha mara mbili, anaivuta chini ya goti.

"Nani kakufundisha fundo hilo?" Mama Rebeka akauliza.

"Nimeliona tu, mama."

Mwigulu alikuwa wa mkono wa kushoto. Hilo nimelijua leo. Na si fundo peke yake. Yule mama alikaa jikoni kwangu akanitajia bila mimi kumwuliza: mwanawe alikuwa anafagia uwanja alfajiri, alikuwa anamwaga maji kidogo kabla ya kunywa, alikuwa anasema taratibu, ndugu yangu. Vidole vyangu vilikuwa kwenye unga, nikashindwa kuendelea kukanda.

"Unafurahi, Mama Mwigulu?" nikamwuliza.

Alifikiri sana. "Ninaogopa kuja hapa," akasema, "na ninaogopa kutokuja."

Jumatatu, 6 Januari

Mvua imekata. Mahindi yanajikunja majani kama sigara.

Jumatatu, 13 Januari

Shule zimefunguliwa. Maduhu amempeleka Blessing mwenyewe, amembebea begi. Watoto wengine walikimbia kupita njia ya mtoni.

Ijumaa, 17 Januari

Jua bado. Zakia aliniita ndani ya duka, akasukuma mlango.

"Limi, nakwambia kwa kuwa mimi ni mtu wa kuja, siogopi ya hapa. Babu yangu alikuja na biashara kutoka Tabora, na mpaka leo bado wanatuita wageni. Basi nasikia maneno wanayosema wakidhani sijui Kisukuma." Akashika mkono wangu. "Wanasema mumeo ni msukule. Wanasema mtu akishaliliwa, akaanuliwa matanga, hali chakula cha walio hai. Akikila, mvua inakasirika. Umeona kwa nini vitambaa havijaletwa wiki hii?"

Nilikuwa nimeona. Nilijidanganya kuwa ni ada za shule zimewamaliza watu.

"Wewe unaamini?" nikamwuliza.

"Mimi naamini Mungu. Lakini nakuuliza wewe unayelala naye. Ni Maduhu?"

 Nilisema ndiyo, na Zakia aliona nimechelewa kusema.

Jumanne, 21 Januari

Leo mchana wingu jeusi lilifunika kila kitu, giza kama la jioni, tukadhani mvua imekuja. Upepo tu na vumbi. Nilikuwa nashona ndani, Maduhu amekaa kitandani anatengeneza mpini. Ghafla akaacha. Akanyoosha mkono, akagonga ukuta mara tatu.

Ukuta ukajibu, mara tatu, kutoka chumba cha Blessing.

Nikapaza sauti, "Blessing, acha mchezo!" Kisha nikakumbuka Blessing yuko shuleni. Nilikwenda kuangalia na mkasi mkononi. Chumba kitupu, dirisha limefungwa, udongo kidogo umemeguka ukutani chini karibu na sakafu. Nimejiambia ni tofali bichi linakauka na kupasuka. Matofali yanapasuka kwa jua, kila mtu anajua.

Niliporudi, Maduhu alikuwa anaendelea na mpini wake. Uso wake ulikuwa na amani kama mtu aliyepokea salamu.

Jumapili, 26 Januari

Hakuna mvua. Hakuna mteja. Mama mkwe ametuma ujumbe kwamba anatafuta msaada "wa kumtoa mwanangu alikofungiwa."

Jumamosi, 1 Februari

Sijaandika kwa kuwa naogopa ninachotaka kuandika. Muuguzi Violeth, ukisoma hapa usinihukumu kwanza.

Maduhu wa zamani nilimjua. Nilijua hatua zake tangu anapokata kona ya mashine ya kusaga. Kishindo kizito, amelewa kidogo, hiyo ni kelele tu. Kishindo chepesi na kimya, hapo nampeleka Blessing kwa Zakia, naficha mkasi, nakaa karibu na mlango. Nilikuwa nimesomea. Hata jino alilonivunja nilijua siku ile lingevunjika, nikageuza uso ili lisiwe la mbele.

Na kwenye matanga yake nililia, lakini usiku ule nililala usingizi ambao sikuwahi kulala tangu niwe mwali.

Huyu wa sasa simjui. Ananisaidia kuteka maji nami natembea nyuma yake nisimpe mgongo. Akiniambia "pole na kazi" nageuka kuangalia nani kasimama nyuma yangu. Najiuliza kama wema wake ni mlango, na ukifunguka nitakuta nini ndani. Heri kofi ninalolijua. Nimeliandika. Sasa limeandikwa.

Jumatano, 5 Februari

Nimenunua gongo.

Alhamisi, 6 Februari

Nieleze yote. Nilinunua nusu chupa kwa mama mmoja nyuma ya mnada, nikaiweka mezani na kikombe, saa Blessing yuko shuleni. Nilitaka nijue kama Maduhu yumo. Kama yumo atatoka. Hata akinipiga, angalau nitajua naishi na nani.

Alirudi kutoka shambani amebeba jembe. Harufu ilimfikia kabla hajavuka kizingiti. Akasimama. Akaweka jembe nje, akaja, akakaa mbele ya ile chupa.

"Nani kaleta?"

"Mimi."

"Edson kakutuma?"

"Hapana. Mwenyewe."

Aliniangalia kwa muda. Sikuona hasira. Afadhali ningeiona.

"Umenikumbuka," akasema.

Nikaanza kulia. Nikamwambia yote, kwamba namwogopa, kwamba Mama Rebeka anamwona mwanawe ndani yake, kwamba ukuta umejibu. Nikamwuliza, mimi ambaye zamani sikuweza kumwuliza kitu, "Wewe ni nani?"

Akaegemeza viwiko mezani. Nayaandika maneno yake jinsi nilivyoyasikia.

"Mwigulu hakufa siku ile ya kwanza, Mama Blessing. Miguu yake ilibanwa na matimba, magogo ya kuzuia udongo, lakini alikaa hai siku nyingi. Mimi nilikuwa natukana. Nilimtukana mwenye duara, Mungu, wewe, yeye. Yeye alikuwa anasema, taratibu, ndugu yangu. Kulikuwa na maji yanadondoka kwenye mwamba. Aliniachia ninywe kwanza, kila mara. Alipokufa nilibaki naye. Nikajiuliza, nikitoka hapa nitatoka nani? Kusema nitaacha pombe nilishasema, kwa mchungaji, kwa mama, kwako nikiwa nimepiga magoti. Hata wiki haikupita. Nikaona siwezi kuacha kuwa Maduhu kama sina mtu mwingine wa kuwa. Na mtu mwema niliyemjua kwa karibu maisha yangu yote ni mmoja tu, na alikuwa kifuani kwangu, ameshapoa. Nikaanza kumwiga hukohuko. Nilisema 'taratibu, ndugu yangu' kwa sauti yake."

Akaitazama chupa.

"Halafu?"

"Halafu kikaitika kitu."

"Nani aliitika?"

"Sijui. Kulikuwa na giza."

Nje jua lilikuwa linawaka, mbuzi wa jirani wanalia.

"Mimi sijui kuwa mtu mzuri," akasema. "Naigiza. Kila asubuhi nikiamka naanza upya, kwanza ufagio, halafu maji, halafu salamu. Nikiacha kimoja nasikia yule mwingine anasogea." Akaisukuma chupa kwangu kwa ncha ya kidole. "Imwage wewe. Mimi nikiishika sijui mkono utaipeleka wapi."

Niliimwaga nyuma ya choo. Mikono yangu ilinuka mpaka jioni.

Jumatatu, 10 Februari

Leo nilimpokea jembe akirudi. Nikasema, "Pole na kazi, Baba Blessing." Aligeuka kuangalia nyuma yake. Tukabaki tunatazamana.

Alhamisi, 20 Februari

Jua. Wamechinja mbuzi mweusi kuombea mvua. Sisi hatukuitwa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa kwenye stoo ya Zakia, juu ya magunia ya mchele. Zakia yuko kwenye swaumu lakini amenichemshia chai. Sikio la kushoto linavuma. Nitaandika taratibu.

Asubuhi mama mkwe alikuja na mganga, na wazee wa ukoo, na Edson, na nusu ya majirani. Mganga ni mtu mpole, ana miwani. Alimzunguka Maduhu, akamwangalia macho, akamnusa nywele. Akasema, "Mwenye mwili yumo, lakini amelaliwa na mwingine. Mtu akilaliwa, dawa yake ni kuchokozwa. Mchokozeni atoke."

Maduhu alikuwa amesimama katikati ya uwanja aliokuwa amemaliza kuufagia. Akasema, "Taratibu, ndugu zangu."

Wakaanza. Walimwita mwanamke. Walimwita maiti. Edson alimpaka tope kichwani. Maduhu alifumba macho, midomo inacheza, alikuwa anarudia maneno yake. Nilijua anayarudia. Nilisema waache, hakuna aliyenisikia.

Ndipo mama mkwe akamvuta lile shati la buluu, akalichana mgongoni mpaka chini, akalitupa kwenye moto wangu wa kupikia. "Mwigulu amekufa!" akasema. "Ameoza! Mwanangu yuko wapi?"

Maduhu alifumbua macho. Nilimwona. Ile miaka yote nilimwona akija hivyo, kwa hatua nyepesi na kimya. Badala ya kukimbia nilikwenda mbele kumshika mkono, kwa kuwa shati lilikuwa linaungua na nilitaka tulitoe pamoja. Akanipiga. Kofi la mkono wa kulia, lilelile. Nilianguka karibu na mafiga.

 Kisha mama mkwe akapiga vigelegele.

"Ng'wanone! Mwanangu amerudi! Ndiye huyu!"

Na wanawake wote wakapokea. Watu walikuwa wanacheka na kufuta machozi, wanapeana mikono kama arusini. Edson akavua koti, akamvisha Maduhu mabegani. "Karibu nyumbani, mwanaume," akamwambia.

Na mvua ikanyesha. Ndivyo ilivyokuwa, sikuongeza neno. Tone la kwanza lilidondoka kwenye shavu lililopigwa. Wakati Zakia ananiinua, uwanja wote ulikuwa unacheza kwenye mvua, na Maduhu amesimama katikati yao na koti lile, mikono imening'inia, anautazama mkono wake wa kulia. Blessing alikuwa amesimama mlangoni na sare za shule za kushona nilizomwachia azikunje. Hakulia. Alisema tu, "Ameondoka."

Violeth aliniuliza kitu gani kinamrudisha nyuma. Mimi nilikuwa naandika pombe, Edson, jua kali. Leo jibu nimelisikia likipiga vigelegele. Na nisimlaumu mama mkwe peke yake. Nilipokuwa chini, kabla maumivu hayajafika, moyo wangu ulisema, haya, huyu namjua. Ulitulia. Hilo ndilo linalonitisha kuliko ukuta.

Jumapili, 9 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Nipo kwa Zakia.

Jumatatu, 10 Machi

Wateja wamerudi. Vitambaa vitano kwa asubuhi moja. Wananipa pole ya shavu na pongezi ya mume kwa pumzi moja.

Wanasema Maduhu alikunywa kilabuni Jumamosi mpaka akabebwa. Jana hakuonekana. Leo asubuhi Edson amekuta koti limekunjwa vizuri mlangoni kwake.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Rebeka amepiga simu. "Mumeo yuko kwangu. Alifika kwa miguu, amelowa, akapiga hodi. Nimempa jembe." Kisha akasema, "Sikuambii uje. Nakuambia ili usimtafute mtoni."

Jumamosi, 22 Machi

Nilikwenda kliniki peke yangu. Violeth alisoma kila kitu mbele yangu, mpaka chai yake ikapoa. Nilidhani atanigombeza kwa gongo. Akauliza, "Na wewe, Limi? Nani ameandika kinachokusaidia wewe?"



"Ukitaka kumwona, nenda mchana, nenda na mtu," akasema. "Na usimrudie kwa sababu ya huruma, wala usimkimbie kwa sababu ya watu. Nenda ukaangalie kwa macho yako."

Jumamosi, 29 Machi

Tulikwenda Nyahanga mimi, Blessing na Zakia, kwa bajaji. Zakia alisema amefunga lakini hajafunga mdomo, na Maduhu akinyoosha mkono atamwonyesha.

Majaruba yamejaa maji, mpunga umesimama kijani. Mama Rebeka alikuwa amekaa kwenye tuta anachambua mlenda. Maduhu yumo majini, anang'oa magugu, amevaa fulana ya timu ya mpira, kubwa kupita kiasi. Alipotuona akatoka mpaka kwenye tuta la pili, akasimama huko. Hakusogea zaidi. Magugu anayashika kwa mkono wa kulia, nikaona. Baadaye akahamishia kushoto. Kisha tena kulia.

"Shikamoo, Mama Mwigulu," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kaeni." Akaendelea na mlenda. "Kama umekuja kuniuliza, nikujibu kabla hujauliza. Huyu si mwanangu. Nilizaa mmoja nikazika mmoja. Siku ya kwanza aliamka akachukua ufagio, nikamnyang'anya. Nikamwambia hapa kwangu huna haja ya kufanya kama Mwigulu. Nina majaruba, nina nyoka, nina ndege wanaokula mpunga. Lima."

Nikapaza sauti kuvuka maji. "Sijaja kukuchukua. Wala sijaja kukaa."

"Najua," Maduhu akasema.

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa. Nikatapika. Nikanywa tena." Akafuta uso kwa bega. "Sikukuomba msamaha siku ile kwa sababu sikujua niombe kwa sauti ya nani."

"Usiombe leo. Bado."

"Unaniogopa, Mama Blessing?"

"Ndiyo."

"Yupi?"

"Wote wawili."

Akaitikia kwa kichwa. "Hata mimi," akasema.

Upepo ulipita kwenye mpunga, na maji yote yakajikunja kama ngozi ya mnyama anayefukuza nzi. Kwa muda niliona kama kuna mtu mwingine amesimama nyuma yake, lakini ni kivuli chake mwenyewe kwenye maji, kimevunjikavunjika. Zakia alinishika kiwiko. Alikuwa ameona kitu, au alikuwa ameniona mimi nikiona.

Blessing hakutusubiri. Alivua viatu, akaanza kutembea juu ya tuta kwenda kwa baba yake, mikono ameinyoosha pembeni. Hakufika nusu. Tuta lilikuwa limelainika. Akateleza, akakaa chwaa ndani ya jaruba, maji mpaka kifuani, gauni la kanisani limemvimba kama mwavuli. Akatutazama wote, mmoja baada ya mwingine, amekasirika.

"Sijaanguka," akasema. "Nimekaa."

Maduhu akacheka.

Kilimtoka ghafla, kicheko chembamba, kirefu, kina kwikwi katikati, akajishika tumbo, akainama mpaka magugu yakamponyoka. Alipotaka kunyamaza kikamrudia. Blessing naye akaanza kucheka, kwa hasira kwanza.

Mama Rebeka akaacha kuchambua mlenda. Aliinua kichwa taratibu, majani bado yako mkononi.

"Mwigulu hakuwa anacheka hivyo," akasema.

"Wala Maduhu," nikasema mimi.

Tukabaki tumekaa kwenye tuta, mimi na yeye, tunamwangalia.